Kuweka LineageOS kwenye simu ya zamani, hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila siku. "Simu yangu haipati apdeti tena nifanyeje", "nikiweka hiyo LineageOS M-Pesa itakubali?", "naweza kufanya bila kompyuta?", na lile linaloniuma zaidi, "nimeflashi simu imeganda kwenye nembo, nisaidie haraka". Huyu wa mwisho mara nyingi alikuwa na uwezo kabisa wa kufanya mwenyewe, shida ni kwamba alianzia hatua ya tano. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote sehemu moja, soma mpaka mwisho kwanza ndo ushike waya.

Kwa ufupi sana: Android yenyewe msingi wake Google wanauachia wazi, mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuujenga. LineageOS ni watu wanaojitolea ambao wanauchukua huo msingi na kuutengenezea simu moja moja, hasa zile ambazo kampuni imeshazitelekeza. Ilianza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod, mradi wa aina hii uliotangulia, kufungwa, na hiyo CyanogenMod ilikuwepo tangu 2009, kwa hiyo hii kazi si ya jana. Bei yake ni bure. Namba zake zisikuchanganye, LineageOS 20 ni Android 13, 21 ni Android 14, 22 ni Android 15.

Mfano wangu humu utakuwa Poco F1 kwa sababu ndiyo niliyoishika sana. Ilitoka 2018, Xiaomi wakaishia kuipa Android 10, lakini kioo bado kizima, RAM ina GB 6 au 8, prosesa ni Snapdragon 845 ambayo mpaka leo inakimbia. Simu kama hiyo kuitupa kabatini ni hasara kabisa, haina ubaya wowote ila imekosa mtu wa kuihudumia.

Kwanza kabisa: simu yako ipo kwenye orodha?

Hapa ndo penyewe, ukikosea hapa hayo mengine yote hayana maana. Nenda tovuti ya LineageOS, fungua orodha ya simu, tafuta yako. Usitafute kwa jina la dukani tu, tafuta kwa jina lake la ndani. Kila simu ina jina la ndani ambalo mafundi wa programu wanalitumia: Poco F1 ni beryllium, Redmi Note 7 ni lavender, OnePlus 6 ni enchilada, OnePlus 6T ni fajita. Redmi Note 8 ni ginkgo, lakini Redmi Note 8 Pro ni begonia, na hizi mbili hazina undugu wowote, moja ina Snapdragon nyingine ina MediaTek. Mtu anaona "Note 8" anasema si ndiyo hii hii, anaweka faili la ginkgo kwenye begonia halafu anakuja analia. Jina la ndani lazima lifanane herufi kwa herufi.

Sasa niwe mkweli kwa wenzangu wengi wa huku kwetu: Tecno, Infinix na itel hazimo kwenye orodha rasmi. Najua ndizo tunazo mikononi. Kuna njia nyingine inaitwa GSI, yaani mfumo mmoja wa jumla unaojaribu kukaa kwenye simu yoyote iliyotoka dukani na Android 8 au zaidi, ila pale utakutana na kamera haifunguki au spika iko kimya, na msaada ni mdogo. Simshauri anayeanza. Kama simu yako ni mojawapo ya hizo, iache ilivyo, tumia mwongozo huu siku ukipata nyingine.

Huawei nayo, tangu 2018 waliacha kutoa namba za kufungulia butiloda (kifuli cha simu kinachozuia mfumo mwingine usiingie), kwa hiyo sahau. Samsung zenye Snapdragon zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, nyingi hazifunguki. Pixel zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, nazo hazifunguki hata ufanyeje.

Hii inawahusu sana wanaonunua mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Nairobi, kwa sababu simu nyingi pale zimetokea Marekani. Kabla hujatoa hela fungua Settings, nenda About phone, gonga Build number mara saba (kwenye Xiaomi unagonga MIUI version), rudi nyuma utaona Developer options. Humo ndani angalia kitufe cha "OEM unlocking", ndicho kinachoruhusu butiloda ifunguliwe. Washa intaneti kwanza maana bila intaneti kinaweza kuwa kimefifia hata kwenye simu nzima. Kama intaneti ipo na bado kimefifia, usinunue kwa ajili ya kazi hii. Mimi niliwahi kulipa bila kuangalia, muuzaji akaniapia kwamba "inafunguka hiyo bosi", nilivyofika nyumbani kitufe kimekufa. Dakika mbili za kuangalia zingeniokolea hela ya mwezi mzima.

Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta. Windows, Linux, Mac yoyote sawa, ila kufungua butiloda ya Xiaomi utahitaji Windows. Bila kompyuta hapana, jibu la lile swali ndo hilo.
- Waya wa USB mzima unaopitisha data. Waya mwingi wa mia tano mia tano unachaji tu, data haupitishi, na hii ndo sababu namba moja ya "kompyuta haioni simu".
- Chaji asilimia 60 kwenda juu, na kama unatumia kompyuta ya mezani hakikisha umeme uko vizuri, siku ya mgao acha.
- Bando la kama GB 2. Mfumo wenyewe unakaribia GB 1, huduma za Google ni nyongeza.
- Folda ya platform-tools kutoka kwa Google, ndani yake kuna adb na fastboot, programu ndogo za kuongea na simu kwa amri kutoka kwenye kompyuta. Chukua kwa Google wenyewe, usichukue kwa mtu aliyekutumia kwenye grupu.
- Muda. Kwa Xiaomi ni wiki nzima, nitaeleza.

Kabla hujagusa chochote

Kila kitu kwenye simu kitafutika, nasema kila kitu. Picha, meseji, namba, vyote. Hamisha picha kwenye kompyuta. WhatsApp fanya bekapu kisha nakili folda ya Android/media/com.whatsapp uiweke pembeni. Kama una programu ya zile kodi za kuingilia akaunti, zile tarakimu sita, zihamishe kwanza kwenye simu nyingine, maana nimeona watu wakifungiwa nje ya barua pepe zao wenyewe kwa sababu hii.

Halafu toa akaunti ya Google kwenye simu, ingia Settings uiondoe kabisa. Usipoitoa simu inaweza kukudai nenosiri la zamani baada ya kufutwa.

Kazi yenyewe

1. Soma ukurasa wa simu yako kwenye wiki ya LineageOS kuanzia juu mpaka chini. Humu naeleza njia ya jumla na ya Poco F1, ila simu nyingine zinadai mafaili ya ziada kama boot, dtbo au vbmeta. Ukurasa wa simu yako ukisema tofauti na mimi, fuata ukurasa. Humo humo wanataja mfumo wa kampuni unatakiwa uwe toleo gani kabla ya kuanza, kama yako iko nyuma ipe apdeti kwanza kwa njia ya kawaida.

2. Daunlodi mafaili matatu: rikavari ya LineageOS, yaani kijifumo kidogo cha kufutia simu na kuwekea mfumo mpya (linaishia na .img), mfumo wenyewe (.zip), na kama unataka Play Store chukua MindTheGapps, faili la huduma za Google, inayolingana. Kulingana maana yake Android namba ile ile na prosesa aina ile ile, kwa simu nyingi za miaka hii ni arm64. Yaweke yote ndani ya folda ya platform-tools na uyape majina mafupi, recovery.img, lineage.zip, gapps.zip, utanishukuru wakati wa kuandika amri.

3. Hakiki faili la mfumo. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile lineage.zip SHA256`, kwenye Linux `sha256sum lineage.zip`, halafu linganisha yale maherufi na yaliyoandikwa kwenye tovuti. Kwa intaneti yetu hii faili kukatika katikati ni jambo la kawaida, usiruke hatua hii.

4. Kwenye simu, ndani ya Developer options, washa USB debugging na OEM unlocking. Chomeka waya, fungua dirisha la amri ndani ya ile folda, andika `adb devices`. Kwenye kioo cha simu litatokea swali la kuruhusu, kubali. Ukiona maherufi na neno device mbele yake, mmeshaongea. Ukiona unauthorized, hujakubali kwenye kioo. Hapo hapo thibitisha jina la ndani kwa `adb shell getprop ro.product.device`, Poco F1 itakujibu beryllium. Ikijibu kitu kingine simama.

5. Fungua butiloda. Hiki ndicho kile kifuli kinachozuia simu isipokee mfumo mwingine. Kwa Pixel, OnePlus na nyinginezo: `adb reboot bootloader`, ikishawaka andika `fastboot flashing unlock` (za zamani ni `fastboot oem unlock`), thibitisha kwa vitufe vya sauti. Inafuta kila kitu papo hapo.

   Kwa Xiaomi ni hadithi ndefu kidogo. Unahitaji akaunti ya Mi, laini ya simu ndani, waifai uzime utumie data ya laini, halafu kwenye Developer options ingia Mi Unlock status ubonyeze kuunganisha akaunti. Kisha kwenye kompyuta yenye Windows unafungua programu ya Mi Unlock, na hiyo mara nyingi itakuambia subiri saa 168, yaani siku saba. Subiri. Usitoe akaunti, usibonyeze kuunganisha tena kila asubuhi ukidhani unaharakisha, unaweza ukaanza kuhesabiwa upya. Simu zilizokwisha kuingia HyperOS, mfumo mpya wa Xiaomi, masharti yamekaza zaidi, jipange. Na mtu akikuambia kwa hela kidogo anafungua leo leo bila kusubiri, anataka akaunti yako na nenosiri, mkatalie.

6. Simu ikishafunguka iache iwake mara moja mpaka mwisho, kisha washa tena USB debugging maana imefutika.

7. Weka rikavari. Zima simu, shikilia sauti chini na kitufe cha kuwashia kwa pamoja mpaka uone neno fastboot. Andika `fastboot devices` kuhakikisha inaonekana, kisha `fastboot flash recovery recovery.img`. Ikimaliza, USIIACHE IWAKE KAWAIDA. Mfumo wa zamani ukiwaka unaweza kuirudisha rikavari yake na kazi yako ikapotea. Shikilia sauti juu na kitufe cha kuwashia moja kwa moja mpaka uone nembo ya LineageOS. Wengi wanasema "nimeweka rikavari haikai", kumbe ni hapa tu, kidole kimechelewa.

8. Ndani ya rikavari chagua Factory reset, kisha Format data. Kubali. Ukiruka hii, mfumo mpya utakutana na data ya zamani iliyofungwa kwa ufunguo usioujua, na simu itazunguka kwenye nembo mpaka chaji iishe.

9. Rudi mwanzo, chagua Apply update, kisha Apply from ADB. Kwenye kompyuta andika `adb sideload lineage.zip`. Asilimia zitapanda, na hapa naomba unisikilize: kwenye kompyuta inaweza kuishia asilimia 47 halafu ikaandika kitu kama "failed to read command" na mbele yake neno Success au No error. Hiyo ni kawaida kabisa! Kazi imeisha salama. Usichomoe waya kwa hofu, angalia kioo cha simu ndicho chenye ukweli.

10. Kama unataka Google, ni sasa hivi kabla simu haijawaka hata mara moja. Kwa simu zenye sehemu mbili za mfumo, zile wanazoita A/B, kwanza chagua Advanced kisha Reboot to recovery. Poco F1 haihitaji hilo. Halafu tena Apply from ADB, `adb sideload gapps.zip`. Itakuambia sahihi haijathibitishwa, kama faili umelichukua mahali pake na ni lenyewe, kubali kuendelea. Ukisahau hatua hii ukawasha simu bila Google, usijaribu kuziongeza baadaye juu yake, rudi hatua ya nane.

11. Reboot system now. Mara ya kwanza inachukua muda, dakika kumi na tano zinaweza kupita. Iweke mezani, nenda kachemshe chai.

Hela na benki

Swali linaloulizwa kuliko yote. Pesa ya kwenye simu inakaa kwenye laini, haikai kwenye Android. Kwa hiyo *150*00# ya Vodacom, *150*60# ya Airtel, *334# ya Safaricom, zote zinapiga mzigo kama kawaida, hata ile menyu ya laini yenyewe ipo.

Programu za benki ndo kuna mtihani. Nyingi zinaiuliza Google kama simu bado iko na mfumo wa kampuni na kifuli kimefungwa, na ya kwako jibu litakuwa hapana. Nyingine zinafunguka bila neno, nyingine zinakataa katakata, na inayofunguka leo inaweza kukataa kesho baada ya apdeti. Kama maisha yako yote yako ndani ya programu ya benki na huna simu ya pili, fikiria vizuri kabla ya hatua ya tano. Silifichi hili kwa sababu nimeona watu wanashawishiwa kwa sifa tupu halafu wanakwama dirishani benki.

Na usichanganye kuweka LineageOS na kuiruti simu, yaani kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo. Ni vitu viwili, LineageOS inakuja bila ruti, na ukiruti unazidi kujiharibia hapo kwenye benki.

Netflix nayo mara nyingi picha itashuka, kwa sababu kile cheti cha kulinda video kinarudi ngazi ya chini butiloda ikiwa wazi.

Bila Google inawezekana?

Inawezekana na mimi ndivyo ninavyotumia. Duka langu ni F-Droid, lote ni programu za msimbo wazi. Ramani natumia Organic Maps, unadaunlodi Tanzania nzima mara moja halafu hata ukiwa Kigoma huna bando inakuonyesha njia. Video VLC. WhatsApp unaipakua kwenye tovuti yao wenyewe. Simu inakuwa nyepesi na chaji inakaa, kwa Poco yangu niliona tofauti siku ya kwanza tu. Mwenye kuhitaji programu za Play Store bila akaunti anaweza kutumia Aurora Store.

Ikigoma

Kompyuta haioni simu: badili waya kwanza. Kisha tundu la USB, jaribu lile la 2.0, kwenye baadhi ya kompyuta tundu la 3.0 linaisumbua fastboot. Kwenye Windows angalia draiva.

Imeganda kwenye nembo zaidi ya nusu saa: ingia rikavari kwa vitufe, fanya Format data tena, weka mfumo upya. Asilimia kubwa inaishia hapo. Mradi fastboot inafunguka simu haijafa, usikubali fundi akuambie ibadilishwe bodi.

Inakataa faili ikisema ni la simu nyingine: ama umechukua faili la jina jingine la ndani, ama rikavari si yake. Ile kinga ipo kwa faida yako, usitafute mbinu ya kuizima.

Laini haisomi: mara nyingi ni ule mfumo wa kampuni uliokuwa nyuma, ule niliosema hatua ya kwanza. Piga *#06# uone IMEI ipo.

Google zinajifunga funga kila dakika: umeweka MindTheGapps ya Android namba nyingine, au uliiweka baada ya simu kuwaka.

Unataka kurudi kwenye mfumo wa Xiaomi: tumia MiFlash, ila chini kabisa ya dirisha lake kuna chaguo tatu na lililochaguliwa tayari ni "clean all and lock". Badilisha iwe "clean all" peke yake. Hilo la kufunga, kama simu yako asili ni ya China na umeiwekea mfumo wa nje, ikijifunga inakataa kuwaka na kufungua tena ni shughuli pevu. Na ukiwa ndani ya LineageOS usiifunge butiloda kabisa.

Ukija kuuliza swali, njoo na jina la ndani la simu, toleo la LineageOS, umefika hatua ya ngapi, na maneno yote yaliyotokea kwenye dirisha la amri yakiwa yamenakiliwa kama yalivyo. "Imegoma" peke yake siwezi kukusaidia nayo.